Picha za magofu ya Pujini: namna ya kuzihamisha na kuzihariri bila kupoteza ubora

Magofu ya Mkama Ndume yaliyopo Pujini, Wilaya ya Chake Chake, Mkoa wa Kusini Pemba, hupigwa picha na wageni, wanafunzi na wakaazi wa vijiji vya jirani. Ndani ya ngome hiyo ya karne ya 15, iliyozungukwa na boma la udongo, mna kisima pamoja na chumba cha chini ya ardhi ambacho ukutani mwake kuna alama ya siwa iliyofinyangwa kwa chokaa. Chokaa huliwa na mvua na mizizi, hivyo picha iliyopigwa leo huenda ikawa shahidi wa kitu ambacho kesho hakitaonekana.

Hilo si jambo la kubuni. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo la Beit el Ajaib, Unguja, iliporomoka, na hakuna tena awezaye kuupiga picha upande ule kama ulivyokuwa. Zilizobaki ni picha za kabla ya siku hiyo, na thamani yake hutegemea uwazi wake.

Wengi hudhani kwamba picha huchakaa kila inaponakiliwa, kama kanda za zamani. Sivyo. Faili likinakiliwa kwa waya kutoka kwenye simu au kadi ya kumbukumbu kwenda kwenye kompyuta, nakala huwa sawa na asili yake, hata mara ya mia. Uharibifu huingia pale programu inapoifungua picha na kuibana upya.

Njia inayoharibu picha nyingi zaidi ni ile iliyozoeleka: kuituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Programu hiyo huipunguza ili isafiri haraka. Picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000, ikipunguzwa hadi 1,600 kwa 1,200, hubakiwa na chini ya sehemu moja ya sita ya pikseli zake, na ufa mwembamba wa ukuta hugeuka ukungu. Taarifa zilizofichwa ndani ya faili, kama tarehe na saa ya kupigwa, nazo huweza kupotea. Anayelazimika kutumia njia hiyo aitume kama hati, si kama picha. Faili litafika kama lilivyotoka.

Mfumo wa JPEG, unaotumiwa na kamera na simu nyingi, huigawa picha katika miraba midogo ya pikseli nane kwa nane, kisha hutupa yale ambayo jicho halitarajiwi kuyakosa. Kuifungua na kuitazama tu hakudhuru. Kuirekebisha na kuihifadhi tena huipunguzia kitu, na kurudia hivyo mara kadhaa huacha madoa ya miraba kwenye anga na kwenye kuta. Kwa hiyo faili la asili lisiguswe: ifanyiwe kazi nakala, ihifadhiwe kwa mfumo wa TIFF au PNG usiotupa kitu wakati uhariri unaendelea, na JPEG itolewe mara moja tu mwishoni. Kwa kamera inayoruhusu faili ghafi ni vyema kulitumia, kwani huhifadhi viwango vya mwanga zaidi ya 256 vya JPEG kwa kila rangi, jambo lenye faida kubwa katika chumba chenye kiza kama kile cha Pujini.

Kuongeza mwanga kwa kiasi au kunyoosha picha iliyokaa upande kunakubalika. Kufuta ufa, magugu au jiwe lililoanguka ili gofu lipendeze ni kuiharibu kumbukumbu, hata kama pikseli zote zipo.

Kadi isifutwe kabla ya nakala kufunguliwa na kukaguliwa kwenye kompyuta, na flashi isichomolewe kabla ya kompyuta kuiruhusu. Nakala ziwe mbili, katika vifaa viwili na nyumba mbili tofauti, kila moja ikiwa na maelezo ya mahali, tarehe na upande wa ukuta uliopigwa.