WENZO, KAHAWA NA ALIZETI: SOMO LA KARAKANA YETU

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani, kamati ya sherehe imeniomba niandike machache ya historia. Juu ya wakubwa wameandika wengine. Mimi nitaandika juu ya wenzo, chombo ambacho kila mmoja wetu alikichora katika daftari la Sayansi tangu shule ya msingi: egemeo, mzigo na jitihada.

Kahawa si mgeni nchini. Wahaya walitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa muda mrefu kabla ya ukoloni, na mwaka 1898 mapadre wa Misheni ya Kilema walikuwa wamekwisha kupanda mikahawa ya arabika Kilimanjaro. Hapa Ifakara ni nchi ya mpunga na miwa, lakini nani kati yetu asiyemkumbuka muuza kahawa wa jioni, birika lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili tusikie tulipo? Kahawa yake huchemshwa tu, wala haihitaji mtambo.

Waitalia walitaka kahawa ya haraka, kikombe kimoja kimoja. Mwaka 1884, Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mtambo wa mvuke. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milan akauboresha. Lakini kanieneo ya mvuke ilikuwa ndogo, na joto lake kali liliunguza kahawa ikawa chungu. Ndipo akatokea Achille Gaggia, naye wa Milan. Alipata hataza yake ya kwanza mwaka 1938, na baada ya Vita Kuu ya Pili akatoa mashine ya wenzo na springi. Mtumiaji huvuta mkono wa chuma chini, springi inabanwa. Akiuachia, springi inasukuma pistoni, na pistoni inapitisha maji ya moto katika kahawa iliyosagwa kwa kanieneo ipatayo mara 9 ya ile ya hewa. Juu ya kikombe hutanda povu la rangi ya dhahabu. Pampu ya umeme haikuhitajika. Palihitajika mkono wa mtu.

Mwaka 1998, tukiwa kidato cha nne, wanne kati yetu tuliiona picha ya mashine hiyo katika gazeti kuukuu la maktaba. Tukaazimia kuiunda. Karakana ilikuwapo, matunda ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ikiwa na jiriwa mbili, tupa na msumeno wa chuma. Tulipata bomba lenye kipenyo cha sentimeta 5. Pistoni tuliichonga kwa mti mgumu, tukaivika ngozi ya kiatu kikuukuu ili maji yasipite. Wenzo ulikuwa pande la chuma la karibu meta moja: sentimeta 10 kutoka egemeo hadi kwenye pistoni, na 90 kutoka egemeo hadi mkononi. Chini tuliweka kitako cha bati lililotobolewa kwa msumari, tukakifunga kwa waya.

Tulimimina maji yanayotokota. Mimi ndiye niliyeshika wenzo, na mwenzetu mmoja akashika kikombe chini. Nilikandamiza kwa nguvu zangu zote, kwa kuwa wengine walikuwa wakitazama. Waya ulikatika. Kitako kiliruka, na maji yote yakammwagikia mwenzetu mkononi, toka kiganja hadi kiwiko.

Tulimpeleka hospitali. Usiku ule sikulala, nikijua kwamba asubuhi nitafukuzwa shule. Mwalimu wetu wa fizikia hakutufukuza, wala hakuifunga karakana. Alituita ubaoni tupige hesabu. Eneo la pistoni ni kama sentimeta 20 za mraba. Ukitaka kilo 9 kwa kila sentimeta ya mraba, pistoni lazima isukumwe kwa kilo 180. Wenzo wetu ulizidisha nguvu mara 9, basi mkono ulitakiwa kutoa kilo 20 tu. Hesabu hiyo tulikuwa tumeifanya. Akauliza: “Na kitako je?” Tukanyamaza. Kilo zile zile 180 zinazosukuma maji ndizo zinazosukuma kitako. Uzito wa watu watatu, nasi tulikuwa tumeuzuia kwa waya. Tulihesabu urahisi wetu. Hatukuhesabu mzigo wa aliye chini.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa Chuo Kikuu, nilisoma habari ambayo laiti ningaliijua mapema. Mwaka 1985, huko Arusha, Mmarekani Carl Bielenberg alibuni kinu cha mkono cha kukamulia alizeti kwa ajili ya mradi wa vijijini. Ni wenzo mrefu unaosukuma pistoni nyembamba, na pistoni inazibana mbegu hadi mafuta yatoke kwenye nafasi ndogo za kikamulio. Mashine za kwanza zilikuwa nzito, hasa kwa akina mama. Kwa hiyo ikaundwa nyingine yenye pistoni ndogo zaidi, maana pistoni ikipungua eneo, nguvu ndogo hutosha kuleta kanieneo ile ile. Kinu hicho kilienea hata nchi jirani, kikitengenezwa na mafundi wa karakana za kawaida. Kumbe jambo tulilolitafuta kwa kahawa lilikuwa limekwisha kutendeka nchini mwetu, tena kwa kumwangalia kwanza anayeshika mpini.

Ndugu zangu, sehemu kubwa ya kahawa yetu ingali inauzwa nje ikiwa mbichi. Sababu ni nyingi, wala sidai kwamba karakana moja ya shule itazimaliza. Lakini kijana asiyewahi kukata chuma atajifunza wapi kuuliza habari za kitako?

Katika mkutano wetu uliopita yule mwenzetu alikuja, na kovu lake lingalipo. Kabla hata ya kuketi aliniuliza, “Karakana i wapi?” Nilimpeleka. Imekuwa stoo ya madawati mabovu, na jiriwa moja imeshika kutu. Alikunja mikono ya shati, akaanza kuyatoa madawati nje. Nami nikamsaidia. Hatukuyamaliza. Yaliyobaki yanawangojeni ninyi, na atakayekuja na tupa au msumeno atakuwa amefanya la maana kuliko makala haya.