Nafasi ya Nane Dhidi ya Nafasi ya Kwanza: Historia na Mipaka ya Utabiri katika Mtoano wa NBA, 1984–2025

Utangulizi

Tarehe 7 Mei 1994, katika ukumbi wa Seattle, Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alijilaza sakafuni huku ameushika mpira kwa mikono miwili na uso wake umejaa furaha. Timu yake, Denver Nuggets, ilikuwa imeishinda Seattle SuperSonics kwa pointi 98 kwa 94 katika muda wa nyongeza. Seattle ilikuwa imeshinda mechi 63 na kupoteza 19 katika msimu wa kawaida, ilhali Denver ilishinda 42 na kupoteza 40. Aidha, Seattle ilikuwa imeshinda mechi mbili za kwanza za mfululizo huo wa mechi tano. Haikuwa imewahi kutokea katika ligi ya NBA timu ya nafasi ya nane kuiondoa timu ya nafasi ya kwanza.

Makala haya yanajiuliza iwapo tukio la namna hiyo lingeweza kutabiriwa. Swali hili linamhusu mwanahistoria kwa sababu moja ya msingi: yeye huanza kuandika akiwa tayari anaujua mwisho. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba utabiri wa mfululizo wa mechi unapaswa kuhukumiwa kwa ushahidi uliokuwapo kabla ya mechi ya kwanza. Matokeo yenyewe, yakichukuliwa peke yake, hayatoshi kuuhukumu.

Msingi wa hesabu

Hesabu inayotumika kutabiri mfululizo wa mechi ni kongwe kuliko mpira wa kikapu. Mwaka 1654, Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu wachezaji wawili wanaolazimika kuacha mchezo kabla haujaisha. Je, dau ligawanywe vipi? Jibu lao lilikuwa kwamba tusiangalie tu raundi zilizokwisha kuchezwa, bali tuhesabu njia zote ambazo raundi zilizobaki zingeweza kumalizika. Hilo ndilo swali la mtu anayeutazama mfululizo uliofika mechi mbili kwa bila. Iwapo timu zinalingana kwa nguvu, inayohitaji kushinda mechi tatu mfululizo ina nafasi moja kati ya nane. Iwapo mpinzani wake ana uwezekano wa asilimia 60 katika kila mechi, nafasi hiyo hushuka hadi takribani asilimia 6.

Hesabu hiyohiyo huonesha kwamba mfululizo mrefu humfaa mwenye nguvu. Timu yenye uwezekano wa asilimia 60 katika mechi moja ina uwezekano wa takribani asilimia 68 wa kushinda mfululizo wa mechi tano, na takribani asilimia 71 katika mfululizo wa mechi saba. Tofauti si kubwa, lakini mwelekeo wake ni bayana: kadiri mechi zinavyoongezeka, ndivyo bahati inavyopungukiwa na nguvu.

Kumbukumbu zinasema nini?

NBA imetupatia, bila kukusudia, nafasi ya kuipima nadharia hii. Tangu 1984 timu 16 huingia katika mtoano, nane kutoka kila kanda, na ya kwanza hukutana na ya nane. Kuanzia 1984 hadi 2002 raundi ya kwanza ilikuwa ya mechi tano. Kuanzia 2003 imekuwa ya mechi saba. Katika kipindi cha kwanza kulikuwa na mifululizo 38 ya aina hii, na nafasi ya nane ilishinda mara mbili: Denver mwaka 1994 na New York Knicks mwaka 1999. Katika kipindi cha pili, hadi 2025, kulikuwa na mifululizo 46, na nafasi ya nane ilishinda mara nne: Golden State Warriors mwaka 2007, Memphis Grizzlies mwaka 2011, Philadelphia 76ers mwaka 2012 na Miami Heat mwaka 2023.

Nadharia ilitutarajisha kwamba mishangao ingepungua, lakini haikupungua. Hata hivyo, haifai kuharakia kudai kwamba urefu wa mfululizo umewasaidia wanyonge. Matukio sita katika miaka zaidi ya arobaini ni machache mno kubeba dai zito kama hilo. Linalowezekana ni kulichunguza kila tukio na kuuliza nini kilijulikana, na kilijulikana lini.

Dalili za kabla na dalili za baadaye

Kundi la kwanza ni la matukio yaliyokuwa na dalili kabla ya mechi ya kwanza. Mwaka 1999 msimu ulikuwa wa mechi 50 tu kutokana na mgogoro wa wamiliki na wachezaji. Miami ilimaliza kileleni kwa ushindi 33, na New York ikashika nafasi ya nane kwa ushindi 27. Namba ya nafasi ilikuza tofauti iliyokuwa ndogo, na mfululizo uliamuliwa kwa pointi moja, 78 kwa 77, kwa mtupo wa Allan Houston zikiwa zimebaki chini ya sekunde moja. Mwaka 2007 Dallas Mavericks ilikuwa na ushindi 67, lakini ilikuwa imefungwa na Golden State katika mechi zote tatu za msimu huo. Tena kocha wa Golden State, Don Nelson, ndiye aliyekuwa ameifundisha Dallas hadi 2005. Mwaka 2011 San Antonio Spurs iliingia katika mtoano huku Manu Ginóbili akiwa ameumia kiwiko katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida.

Kundi la pili ni la matukio ambayo dalili zake zilijitokeza mfululizo ulipokwisha kuanza. Mwaka 2012 Derrick Rose wa Chicago Bulls aliumia goti katika mechi ya kwanza na hakurudi tena. Mwaka 2023 Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee Bucks aliumia mgongo katika mechi ya kwanza. Hesabu iliyoelezwa hapo juu huchukulia kwamba nguvu ya timu haibadiliki kutoka mechi moja hadi nyingine. Majeraha huivunja dhana hiyo. Pamoja na hayo, majeraha pekee hayajibu kila kitu. Milwaukee ilishinda mechi ya pili bila Antetokounmpo, kisha ikafungwa mechi mbili za mwisho naye akiwa uwanjani.

Tukio la 1994 haliingii kwa urahisi katika kundi lolote. Mutombo alizuia mitupo 31 katika mechi hizo tano, na ni rahisi kusema leo kwamba ulinzi wake ulifanya ushindi usiepukike. Lakini uwezo wake haukuwa siri, kwani msimu huohuo aliongoza ligi nzima kwa kuzuia mitupo. Kilichokuwa hakijulikani ni kama uwezo huo ungetosha. Isitoshe, mechi ya nne na ya tano ziliamuliwa katika muda wa nyongeza. Mtupo mmoja ungeingia au kukosa, historia tunayoisimulia ingekuwa nyingine, na Mutombo angebaki mlinzi yuleyule.

Gharama ya kuhukumu kwa mwisho

Kosa la kusoma historia kutokea mwisho huwagusa watu halisi. Baada ya 1994, Seattle ilionekana kuwa timu iliyokosa moyo; miaka miwili baadaye, ikiwa na kocha yuleyule, George Karl, pamoja na Gary Payton na Shawn Kemp, ilifika fainali. Dirk Nowitzki wa Dallas alikabidhiwa tuzo ya mchezaji bora wa msimu wa 2006–07 timu yake ikiwa imekwisha kutolewa, na wengi walimwona kuwa hawezi mechi kubwa. Mwaka 2011 aliiongoza Dallas kutwaa ubingwa na akatajwa kuwa mchezaji bora wa fainali.

Mtabiri naye hudhulumiwa vivyo hivyo. Aliyesema mwaka 1994 kwamba Seattle ilikuwa na nafasi tisa kati ya kumi hakukanushwa na ushindi wa Denver, kwa kuwa alikuwa ameiachia nafasi ya kumi. Angekosea iwapo, katika tabiri zake nyingi za namna hiyo, wanyonge wangeshinda mara nyingi kuliko alivyokadiria.

Hitimisho

Imeoneshwa kwamba matukio matatu kati ya sita yalikuwa na dalili kabla ya kuanza, mawili yalibadilishwa na majeraha yaliyotokea ndani ya mfululizo, na moja linabaki likitukumbusha kwamba jambo lenye uwezekano mdogo bado ni jambo linalowezekana. Kwa hiyo, anayetabiri anashauriwa kuiangalia tofauti halisi ya ushindi, matokeo ya timu hizo zilipokutana, na afya ya wachezaji, badala ya kutegemea namba ya nafasi. Naye mwanahistoria anapaswa kuweka kando kwa muda mwisho anaoujua, ili awatendee haki waliosimama mwanzoni bila kuujua.