Chembe Zilizopita Wambaa

Asubuhi ya tarehe 23 Februari 1987, yapata saa 4:35 kwa saa za Afrika Mashariki, mabilioni ya chembe zisizoonekana zilipenya ardhi ya Wambaa, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Pemba. Hazikushuka kama mvua, bali zilitoka chini. Kwani nyota iliyozituma, saa ile, ilikuwa imezama chini ya upeo wa kusini, nazo zilikuwa zimekwisha pita zaidi ya kilomita 2,000 za mwamba. Zilipita katika mikarafuu na katika miili ya watu, wala hapana aliyehisi kitu. Chembe hizo huitwa nyutrino, na historia yake ni historia ya kitu kilichosadikiwa miaka 26 kabla ya kushuhudiwa.

Katika mwaka 1930 wataalamu walikuwa na fumbo. Kiini cha atomu kinapotoa elektroni, nishati inayoonekana hupungua kuliko inavyostahili. Niels Bohr alikuwa radhi kushuku hata ile kanuni isemayo kwamba nishati haipotei. Wolfgang Pauli akashika njia nyingine: alidai kwamba iko chembe isiyo na chaji, ambayo huchukua kile kilichopungua na kwenda zake. Mwaka 1934 Enrico Fermi aliitungia chembe hiyo nadharia kamili. Na mwaka huo huo Hans Bethe na Rudolf Peierls wakapiga hesabu, wakaona kwamba haielekei mtu kupata kuinasa kamwe.

Sababu yao ilikuwa na nguvu. Nyutrino haivutwi wala haisukumwi na umeme wa atomu. Inashirikiana na kiini kwa kani dhaifu peke yake, na kani hiyo hufanya kazi kwa masafa mafupi kuliko upana wa kiini chenyewe. Hali yake ni kama dagaa mbele ya wavu wenye macho mapana. Mvuvi asiyeweza kupunguza macho ya wavu wake hana budi kuukuza wavu, kuutega penye samaki wengi, na kusubiri.

Ndivyo walivyofanya Frederick Reines na Clyde Cowan. Mwaka 1956 walitega matangi ya maji yaliyochanganywa na kadmiamu karibu na kinu cha nyuklia cha Savannah River, Marekani, kinu kilichotoa antinyutrino kwa wingi mno. Mara chache, moja ya hizo iligonga protoni, ambayo ndiyo kiini cha haidrojeni. Hapo protoni iligeuka nyutroni, na positroni ikachomoka. Positroni ilikutana na elektroni, zikaangamizana kwa mmweko. Na baada ya mamilioni machache ya sehemu za sekunde, nyutroni ilimezwa na kiini cha kadmiamu, ukatokea mmweko wa pili. Mimweko hiyo miwili, mmoja nyuma ya mwenziwe, ndiyo iliyokuwa ushahidi.

Bara la Afrika nalo lina sehemu katika habari hii. Tarehe 23 Februari 1965, Reines huyo huyo, pamoja na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, walipata mojawapo ya alama za kwanza za nyutrino zisizotokana na kazi ya binadamu. Walikuwa ndani ya mgodi wa dhahabu karibu na Boksburg, zaidi ya kilomita tatu chini ya ardhi.

Ikatimia miaka 22 kamili, siku kwa siku, ndipo chembe za ile nyota zilipowasili. Nyota hiyo ilikuwa imelipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, kwa umbali wa miaka ya nuru 160,000 na zaidi. Tangi la Kamioka, Japani, lenye tani 2,140 za maji yaliyotumika katika hesabu, lilipokea ishara 11 katika muda wa sekunde 13 hivi. Tangi la Marekani lilipokea 8, na mtambo wa Baksan, katika Umoja wa Kisovieti, 5. Matangi yale mawili ya maji yalikuwa yamejengwa kwa kutafuta jambo jingine, yaani kuoza kwa protoni. Lakini yalikuwa tayari, na kumbukumbu zake zilikuwa zikiandikwa. Mwanga wa nyota ulifuata baada ya saa kadhaa. Aliyekuwa Wambaa na kutazama kusini mapema usiku wa siku zilizofuata, mbingu zikiwa safi, angaliweza kuuona kwa macho matupu.

Hapa pana jambo la kufikiriwa. Mwanga ulikuwa wa kila mwenye macho. Nyutrino zilikuwa za yule aliyetega. Hazikupungukia Pemba hata kidogo. Kilichokosekana ni tangi, na mtu wa kusoma kumbukumbu.

Wala isidhaniwe kwamba pwani hii haifai kwa elimu hiyo. Nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2002 waligawana Raymond Davis, aliyezinasa nyutrino za jua kwa viini vya klorini vilivyogeuka argoni, na Masatoshi Koshiba wa Kamioka. Nusu ya pili alipewa Riccardo Giacconi kwa uchunguzi wake wa eksirei zitokazo angani. Na setilaiti iliyoutia nguvu uchunguzi huo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya. Ikaitwa Uhuru.

Basi jina lilikuwa la Kiswahili, na bahari ilikuwa ya Waswahili. Nyota nyingine italipuka, na chembe zake zitapita tena Wambaa bila kubisha hodi. Lililo mikononi mwa vyuo vya pwani hii ni kuhakikisha kwamba siku hiyo watakuwapo wana wa nchi miongoni mwa wale wanaozihesabu.