Jinsi ya kutambua hitilafu za breki na klachi katika gari kuukuu

Kwa wenye magari ya zamani eneo la Budalang'i, ambako mto Nzoia hufurika mara kwa mara, pedali ndiyo hutoa dalili ya kwanza ya hitilafu. Yafaa kuikagua kabla ya kung'oa nanga kutoka Port Victoria kuelekea Busia.

Gari likiwa limesimama, kanyaga breki na uishikilie. Pedali ikizama polepole hadi chini, mafuta ya breki yanavuja au silinda kuu imechakaa. Usiliendeshe gari hilo. Ikibonyea kama sifongo, hewa imeingia kwenye mabomba. Ikiwa ngumu, zima injini, ikanyage mara kadhaa, ishikilie kisha uwashe injini. Isiposhuka kidogo, huenda busta ina kasoro.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu. Breki zikipata joto jingi, maji hayo huchemka na pedali ikalegea ghafla. Yabadilishe kila baada ya miaka 2 hivi. Ukishapita penye maji, endesha polepole ukigusa breki ili zikauke.

Kuhusu klachi, gia zikikwaruza ilhali umekanyaga hadi mwisho, kagua kebo au mafuta yake. Injini ikinguruma bila gari kuongeza kasi, sahani ya klachi imelika. Dereva anayeacha mguu juu ya pedali katika foleni ya Malaba huimaliza upesi.

Dalili yoyote ya breki ipelekwe kwa fundi siku iyo hiyo.