Chuma Kinapopinda kwa Joto: Kutoka Fuawe hadi Leza

Makala haya yanajadili tatizo ambalo mafundi wa chuma wamelikabili tangu zamani: chuma kikipata joto lisilolingana, hupinda.

Nile Magharibi ina historia ndefu ya uhunzi. Kabla ya ukoloni, Wakebu, ambao Waalur huwaita Okebo, walisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma. A. W. Southall, katika kitabu chake cha 1956 kuhusu Waalur, aliandika habari za wahunzi hao. Kwa mkulima, awe wa Arua au wa Abuku kule Koboko, jembe lililopinda ni hasara. Mhunzi analijua jambo hili. Ubapa wa jembe ni mwembamba, hivyo hupoa na kusinyaa upesi. Shina ni nene, hupoa baadaye. Sehemu hizo huvutana na jembe hupinda. Dawa yake ni kulirudisha motoni, kulipasha joto sawasawa, kulinyoosha kwa nyundo juu ya fuawe, kisha kuliacha lipoe polepole.

Mwaka 1996, watafiti wa taasisi ya Fraunhofer mjini Aachen, Ujerumani, waliomba hataza ya mbinu ya kuunda vifaa kwa kuyeyusha unga wa metali kwa mwanga wa leza, tabaka juu ya tabaka. Aghalabu kila tabaka halifikii unene wa milimita 0.1. Tabaka jipya likipoa husinyaa, lakini lililo chini, ambalo limekwisha kupoa, hulizuia. Basi kingo hujikunja kuelekea juu, na pengine kifaa hupasuka. Wahandisi hupasha joto bamba la chini mapema, huyeyusha unga kwa vipande vidogo vidogo, na hukipasha kifaa kizima kabla ya kukikata kutoka kwenye bamba. Kanuni ni ile ile ya mhunzi.

Hapa ndipo kazi yetu ilipo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na wanafunzi wa ufundi watahitaji istilahi. Tusikimbilie kukopa. Kufua, mvukuto, fuawe, koleo, kutanuka na kusinyaa tunayo tayari. Tunawahimiza wanafunzi wetu wawaendee wahunzi waliobaki, wayaandike maneno yao kwa Kikebu, Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, kabla wazee hao hawajatutoka.