Vitunguu vya siku fupi (Kilimanjaro)

Vitunguu vya siku fupi ni aina za kitunguu maji (Allium cepa) zinazotunga kichwa mchana ukiwa na urefu wa saa 11 hadi 12 hivi. Kilema, wilayani Moshi, iko takribani nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Mchana wake haubadiliki sana mwaka mzima. Aina za siku ndefu, zinazodai saa 14 au zaidi, huku huishia majani na shingo nene. Red Bombay, Red Creole na Mang'ola Red ndizo zinazofaa.

Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga lenye migomba na mibuni, hakifai kwa kilimo cha biashara: kitunguu hutaka jua kamili. Mahali pake hasa ni tambarare za chini zenye maji ya umwagiliaji. Miche hukaa kitaluni wiki 6 hadi 8, kisha hupandikizwa bila kufukiwa sana, maana shina lililozama huchelewa kutunga. Adui wakubwa ni vithiripi, wanaojificha kwenye maungio ya majani, na ugonjwa wa baka zambarau, unaoshamiri kwenye unyevu wa masika.

Majani yanapoanza kulala, maji husitishwa. Mavuno hukaushwa kivulini penye hewa hadi shingo zinyauke kabisa. Anayeharakisha hatua hii hupoteza mzigo kwa kuoza.

Sokoni, mkulima auze kwa mizani. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, humwibia jasho lake, na sheria ya vipimo ya Tanzania inaikataza.