Kutoka Mizani ya Pamba hadi Darasa la Kwanza: Kusoma Kulivyofika Kwetu

Ndugu wana Mwandoya, vijarida vyetu vya harambee vimezoea kuonyesha kuta, bati na madawati. Safari hii tumeona tuandike kuhusu jambo linalofanyika ndani ya kuta hizo, yaani mtoto kujua kusoma.

Kwa wazee wa Usukuma, haja ya kusoma ilionekana wazi kwenye mizani ya pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu waliojua kusoma, ili mzigo upimwe kabla ya kufika kwa mnunuzi. Vyama vilivyokua kutokana na juhudi hizo, Paul Bomani akiwa kiongozi wake anayejulikana zaidi, viliungana mwaka 1955 kuwa shirikisho la ushirika la Victoria. Wengi huikumbuka siasa yake. Sisi tunaoishi kwa kazi ya hesabu tunakumbuka kwamba mkulima asiyesoma tarakimu alilazimika kuazima macho ya mwenzake.

Baada ya Uhuru, kati ya 1968 na 1973, UNESCO ilisaidia serikali kuendesha mradi wa majaribio wa kisomo katika mikoa ya Mwanza, Mara, Ziwa Magharibi na Shinyanga. Wakati huo sisi tulikuwa Shinyanga. Simiyu imezaliwa 2012. Vitabu vya kisomo vilihusu pamba, mifugo na chakula. Viliandikwa kwa Kiswahili, lakini mtu mzima alikuwa amekwisha kukisikia ushirika, mnadani na kwenye mikutano. Alisoma maneno ya kazi aliyoifanya jana.

Kwa watoto mambo yalikuwa magumu zaidi. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule za msingi. Azimio la Musoma la 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, na ili walimu watoshe, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini. Ilikuwa kazi kubwa na hatuibezi. Wengi wetu ni matunda yake.

Ila mtazame mtoto wa darasa la kwanza. Ametoka nyumbani akizungumza Kisukuma. Kitabuni kuna picha ya kuku, na chini yake silabi "ku". Yeye anaona ngoko. Mbuzi kwake ni mbuli, na maji ni minzi. Mwalimu akiuliza jina hili linaanza na sauti gani, mtoto anaitafuta sauti ambayo haimo kinywani mwake. Kuku anamjua sana, amemfukuza kwenye mtama tangu ana miaka mitatu. Basi anaimba "ba, be, bi, bo, bu" pamoja na wenzake, na kutoka mbali inasikika kama kusoma. Na huyu anayesoma "barua" akasema "balua" achekwe kwa lipi? Amesoma sawasawa, ametamka kikwetu.

Kisha kinakuja Kiingereza, lugha ya tatu. Kiswahili kina ukarimu: "ba" ni "ba" siku zote. Kiingereza hakina ukarimu huo. Herufi "i" ya *sit* si ile ya *site*. Asiyeshika usomaji kwa Kiswahili huku atapotea, na akifika sekondari masomo mengi yanamngoja kwa Kiingereza. Uwezo walipopima mwaka 2010, wanafunzi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili walikuwa kama watatu katika kumi. Kwa Kiingereza, hata mmoja katika kumi ilikuwa taabu.

Hatua zilichukuliwa. Mwaka 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yalipunguzwa ili nguvu iende kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Mkoa wetu pia ulikuwemo katika mpango wa EQUIP-Tanzania uliofadhiliwa na Uingereza. Ndani yake kulikuwa na mafunzo ya utayari wa shule: watoto wasiopata elimu ya awali walikusanywa wakasikilizishwa hadithi na michezo ya Kiswahili kabla ya kuanza darasa la kwanza, wakiongozwa na wasaidizi waliotoka katika jamii. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa na akili kuliko mengi yaliyotangulia. Mtoto alipewa lugha kwanza, herufi baadaye.

Tunajua wapo kati yetu, hasa tunaoishi mijini, wanaotaka Mwandoya ipate shule ya Kiingereza tangu awali. Nia ni njema. Lakini kusoma hujifunzwa mara moja. Aliyekwisha kujua kwamba alama hizi ni sauti, na sauti hizi ni maana, akifika kwenye Kiingereza anabakiwa na maneno mapya na tahajia yake. Asiyejua anabebeshwa mizigo yote kwa pamoja. Mwalimu anayesema "mbuli" mara moja, kisha "mbuzi", kisha baada ya miaka *goat*, hajamrudisha mtoto nyuma.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba sehemu ya michango iende kwenye vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa darasa la awali, la kwanza na la pili, pamoja na makabati ya chuma, maana mchwa wa kwetu mnawafahamu. Hadithi fupi za Kiingereza zitafuata kwa darasa la tatu na kuendelea. Saruji na bati vina fungu lake. Anayetaka fedha yake inunue vitabu aandike neno "vitabu" kwenye fomu ya ahadi, nasi tutaiweka katika hesabu ya peke yake.